Mshubiri wa Machakos: Umbo Lake, Ardhi Yake na Namna ya Kuuotesha

Katika darasa la mwezi uliopita tuliulizwa suala ambalo kwa udhahiri wake ni dogo: je, ule mshubiri mkubwa wa miiba unaoletwa kutoka bara, khasa upande wa Machakos, ndio ule ule tulioukuta katika nyua za wazee wetu huku pwani, na je, dawa yake ni moja? Muulizaji alikuwa na sababu yake. Alinunua miche mitatu njiani, imeng'olewa pamoja na mizizi yake, akaipanda kando ya kisima chake, na masika ilipokwisha yote mitatu ilikuwa imeoza. Mwengine akaongeza kwamba jamaa yake alikunywa utomvu wa mmea huo kikombe kizima kwa ajili ya kufunga choo, akaharisha siku mbili hata akachukuliwa hospitali. Basi tukaona kuwa suala hili lataka jawabu ya kutosha, kwani ndani yake mna mambo ya afya za watu, na mali yao, na ardhi ya jirani zetu.

Na tuanze na jina. Neno shubiri tumelipokea kutoka kwa Waarabu, nao husema sabir, na herufi zake za asili ni zile zile za neno sabr ambalo sisi twaliita subira. Wenye kupenda kufasiri majina wamesema mengi juu ya ukaribu huo, nasi hatutaingia humo, maana somo letu ni la mmea. Kwetu sisi shubiri ni mfano wa kila kilicho kichungu, na akina mama wa pwani tangu zamani hupaka kidogo kwenye chuchu wanapotaka kumwachisha mtoto ziwa. Kisiwa cha Sokotra, kilicho baina ya pwani yetu na Bara Arabu, kilikuwa mashuhuri kwa shubiri yake tangu zama za kale. Waandishi wa Kiarabu kama al-Masudi na al-Idrisi wamehadithia kwamba Aristotle alimshauri Iskandar akalishe Wayunani katika kisiwa hicho kwa ajili ya shubiri. Hadithi hiyo twaitaja kama ilivyohadithiwa tu. Ama biashara yenyewe haina shaka.

Katika vitabu vya hadithi shubiri imetajwa pia. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim, mlango wa Hija, kwamba mtu mmoja aliyekuwa katika ihramu alishikwa na maumivu ya macho njiani, akapeleka kumuuliza Aban mwana wa Othman bin Affan, naye akamwambia ayatie shubiri, kwani baba yake alilipokea jambo hilo kutoka kwa Mtume (S.A.W.). Wanazuoni wameifahamu hadithi hii kuwa yaonyesha kwamba mwenye ihramu hakatazwi kujitibu kwa kitu kisicho manukato. Iko na hadithi ya Bi Umm Salama, aliyejipaka shubiri usoni alipokuwa katika eda, nayo imo katika Abu Daud na Nasai, ila isnadi yake ina maneno kwa wajuzi wa fani hiyo. Twayaeleza haya ili ijulikane kuwa dawa hii ni ya kale na ni ya halali. Lakini hadithi hizi hazisemi kwamba shubiri yatibu kila maradhi, wala hazikuitaja kuwa ya kunywewa kikombe kizima.

Sasa tuje katika mmea. Jamii ya mishubiri ni kubwa mno. Wataalamu wamekwisha kuhesabu aina zaidi ya 500, nyingi zao zikiwa katika Afrika, Madagaska na Bara Arabu, na nchi ya Kenya peke yake ina zaidi ya 50. Aina iliyomo katika nyua zetu, na ambayo ute wake watiwa katika machupa ya sabuni na mafuta ya nywele, ni ile iitwayo kitaalamu Aloe vera, na asili yake ni Bara Arabu. Aina iliyoenea Machakos ni nyengine. Jina lake la kitaalamu ni Aloe secundiflora, alilopewa na Mjarumani Adolf Engler mwaka 1895, nao Wakamba huuita kiluma. Basi jawabu ya suala la kwanza ni hii: hiyo ni mimea miwili ya ukoo mmoja, kama mbuzi na kondoo, wala si mmoja.

Nao kiluma hauko peke yake katika nchi ile. Uko mshubiri wa madoadoa, Aloe lateritia, wenye majani yaliyonyunyiziwa alama nyeupe. Na uko mmoja uliopewa jina la nchi yenyewe, Aloe ukambensis, ulioandikwa mwaka 1956 na Gilbert Reynolds wa Afrika Kusini, mtu aliyezunguka bara hili miaka mingi kwa ajili ya mishubiri tu. Hatutazieleza zote, kwani itakuwa kazi ndefu isiyomfaa msomaji.

Umbo la kiluma ni kama tutakavyolitaja. Hauna shina, au una shina fupi ambalo huonekana ukishazeeka. Majani yake hutoka chini kwa mzunguko kama ua moja kubwa lililofumbuka, na mmea uliokomaa huwa na majani yapata 20. Kila jani ni nene, lenye urefu wa kama sentimita 45, pengine zaidi, na upana wa kiasi cha sentimita 15 kitakoni, kisha lapungua mpaka ncha. Rangi yake ni kijani iliyokoza isiyong'aa. Kandokando ya jani mna ukingo mgumu kama pembe, wenye meno makali ya rangi ya hudhurungi, yaliyoachana kwa sentimita moja au mbili. Ukilikata, hutoka kwanza maji ya manjano, machungu kupita kiasi, na yakikauka hugeuka rangi ya hudhurungi.

Maua hutokea juu ya bua refu lipandalo hata kupita mita moja, nalo hugawanyika matawi yapata kumi. Maua ni mirija midogo ya rangi nyekundu iliyopauka, urefu wake hata sentimita tatu, na ukiyatazama kwa karibu utaona vidoa vyeupe vidogo mno. Ajabu yake ni kwamba katika kila tawi maua yote hugeukia upande mmoja, kama watu waliokaa barazani wakiangalia njia moja. Na hiyo ndiyo maana ya lile jina la Kilatini. Ndege aitwaye chozi huja kufyonza asali yake, na nyuki kadhalika. Na kwa kuwa aghlabu huchanua wakati ambao mimea mingine imenyauka, wafugaji wa nyuki wa Ukambani wauthamini.

Tunda lake ni kibweta kidogo chenye vyumba vitatu, na kikikauka hupasuka, mbegu bapa zenye mbawa nyembamba zikachukuliwa na upepo. Na hapa yapo mambo mawili tunayomwomba msomaji ayashike, kwani ndiyo mzizi wa yote yanayofuata. Kwanza, mshubiri aghlabu haujizalishi wenyewe kwa chavuo lake; wahitaji mwenzi wake wa aina moja, naye awe karibu ili chozi au nyuki aweze kuleta na kupeleka. Aliye na mmoja tu uani ataona maua kila mwaka wala hataona mbegu. La pili, kiluma kwa kawaida huishi peke yake bila ya kutoa vichipukizi ubavuni. Liko kabila lake moja litoalo vichipukizi na kuwa kichaka, lakini si ndilo la kawaida. Sisi watu wa pwani tumezoea Aloe vera, ambao ukiung'oa mmoja huacha watoto watano, basi twadhani kila mshubiri ni hivyo. Ama kiluma ukiung'oa, umeuondoa na kizazi chake; mahali pake patabaki tupu mpaka upepo ulete mbegu kutoka kwengine, na mche wake huchukua miaka mitatu au zaidi kabla ya kuchanua.

Hapa yatupasa kuondoa mchanganyiko mmoja. Msafiri apitaye barabara ya Mombasa akiingia nchi ya Machakos huona mistari ya mimea yenye majani marefu kama panga kwenye mipaka ya mashamba, akasema ni mishubiri. La, hiyo ni mikonge. Mkonge asili yake ni Meksiko, nao uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjarumani Richard Hindorf. Jani lake lina nyuzi ngumu, ndizo katani, na ukilivuta halikatiki; jani la mshubiri halina nyuzi, likikunjwa huvunjika na ute kutoka. Tena mkonge huchanua mara moja katika umri wake kisha hufa, na mshubiri huchanua mwaka baada ya mwaka. Wala mnyaa si mshubiri, ule mti wa vijiti vya kijani usio na majani unaopandwa kuwa ua. Maziwa yake ni sumu kwa macho, basi na watoto waonywe.

Kuna jambo jengine ambalo watu hulistaajabia hata wakalizulia itikadi. Mshubiri ukiung'oa ukautundika mlangoni bila ya udongo wala maji, waweza kuishi miezi, pengine hata kuchanua. Kwa ajili hiyo katika nchi ya Misri watu wengi walikuwa wakiutundika juu ya milango ya nyumba zao, wakidhani kuwa waleta umri mrefu na kuzuia jicho la hasidi. Ndugu zetu, hapana siri humo ila ile aliyoiweka Muumba katika jani lenyewe, nayo yaweza kuelezwa na kufahamika.

Kila mmea una vitundu vidogo katika ngozi ya majani yake, visivyoonekana kwa macho. Kupitia vitundu hivyo huingia hewa ya kaboni, ambayo mmea huipika kwa nuru ya jua ikawa chakula. Lakini mlango ukifunguliwa ili hewa iingie, maji nayo hutoka. Mhindi na maharagwe hufungua vitundu vyao mchana, wakati wa nuru, na ndipo jua huwanyonya maji. Mvua ikikatika wiki chache hunyauka. Mshubiri umepewa mpango mwengine. Mchana, jua likiwa kali, hufunga milango yake yote. Usiku, baridi ikiingia na hewa ikawa na unyevu, huifungua, ukaivuta hewa ya kaboni na kuiweka akiba ndani ya majani kwa namna ya asidi, ile ile iliyomo katika tufaha bichi. Kukipambazuka hufunga tena, na mchana kutwa huitoa ile akiba kidogo kidogo na kuipika kwa nuru, milango ikiwa imefungwa. Kwa hivyo hupata chakula chake bila ya kumwaga maji yake.

Jambo hili lilianza kutambuliwa kwa ulimi kabla ya kujulikana kwa vyombo. Mwaka 1815 yalichapwa London maelezo ya Benjamin Heyne, mjuzi wa mimea aliyekuwa akikaa India, kwamba jani la mmea mmoja wa bustanini mwake lilikuwa chachu asubuhi, adhuhuri halina ladha, na jioni lina uchungu kidogo. Hakujua sababu; ilikuja kufahamika baadaye sana. Na mimea iliyopewa mpango huu ni mingi, mkonge ukiwemo, na nanasi tulalo kila siku ni katika hiyo. Twawaonya vijana wa darasa wasiende kuonja jani la mshubiri asubuhi na jioni ili kuhakikisha, kwani huo uchungu wake utafunika kila ladha.

Pamoja na mpango huo, jani limefunikwa na nta isiyopitisha maji, na ndani yake mna ute mwingi ambao zaidi ya sehemu 95 katika 100 ni maji. Mizizi yake haiendi chini sana. Hutandaa karibu na uso wa ardhi, ili hata mvua ya nusu saa iweze kudakwa kabla haijakauka. Na ukame ukizidi, majani hukonda, hujikunja kwa ndani, na kijani chake hugeuka kuwa chekundu-chekundu. Wengi wakiona hivyo hudhani umeugua, wakaumwagia ndoo ya maji kila siku, na hapo ndipo wauuapo. Ile rangi ni kinga yake na jua. Mvua ikinyesha, baada ya siku chache majani hujaa tena na kijani kikarudi.

Sasa tuangalie nchi yenyewe, kwani mmea haufahamiki mpaka ardhi yake ifahamike. Mji wa Machakos uko juu ya bahari kwa mita 1,600 hivi, kusini-mashariki ya Nairobi, chini ya vilima vya Iveti. Wasafiri wa misafara kutoka pwani waliujua kabla ya Nairobi kuwako. Vilimani, kama Iveti na Mua, mvua ya mwaka hufika milimita 1,000 hivi. Lakini ukiteremka upande wa uwanda wa Yatta na mto wa Athi hupungua mpaka kiasi cha 500. Tena mvua hiyo huja kwa misimu miwili, Machi mpaka Mei, na Oktoba mpaka Disemba, na hii ya pili ndiyo wakulima wa huko huitegemea zaidi, kinyume na sisi tunaotegemea masika. Baina yake ni ukavu mtupu. Udongo ni mwekundu, mwingi wake wa kichanga, na uso wake hukaza mvua ikiupiga, basi maji badala ya kuzama hukimbia yakichukua udongo pamoja nayo. Katika ardhi kama hii, juu ya miteremko ya mawe na katika vichaka vya migunga, ndipo kiluma kiotapo. Wajuzi wameuona kutoka mita 600 hivi juu ya bahari mpaka karibu na 2,000, na si Kenya tu, bali Tanzania, Ethiopia, Rwanda na Sudani ya Kusini.

Watu wa Machakos wanajua thamani ya kila kinachoshika udongo, maana walikaribia kuukosa. Katika miaka ya 1930 nchi yao ilikuwa imeliwa na makorongo, hata Colin Maher, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyehusika na udongo, mwaka 1937 akaandika habari zake kama mtu aliyekata tamaa. Serikali ikaona dawa ni kuwanyang'anya ng'ombe. Na mwaka 1938 Wakamba kwa maelfu wakaenda Nairobi pamoja na Muindi Mbingu kulalamika, na ng'ombe wakarudishwa. Dawa iliyofaa ilikuja baadaye, nayo waliifanya kwa mikono yao wenyewe, kwa vikundi vya kusaidiana wanavyoviita mwethya. Huchimbwa mfereji kukata mteremko, na udongo wake hutupwa upande wa juu ukawa tuta. Miaka ikipita shamba hujisawazisha likawa kama ngazi. Namna hii yaitwa fanya juu, na jina hilo la Kiswahili limeingia vivyo hivyo katika vitabu vya kilimo vya dunia. Mwaka 1994 Mary Tiffen na wenzake walitoa kitabu chenye kuonyesha kwamba baina ya 1932 na 1990 watu wa Machakos waliongezeka mara tano, na hata hivyo mmomonyoko ukapungua. Juu ya matuta hayo na kandokando ya makorongo, mmea kama kiluma una kazi: mizizi yake hushika uso wa ardhi, mbuzi hawautaki kwa uchungu wake, na hautaki kumwagiwa maji. Kwa hivyo gunia moja la mishubiri iliyong'olewa mteremkoni si gunia la dawa tu. Ni shimo kadhaa zilizoachwa wazi kungojea mvua ya Novemba.

Ama utomvu, ni lazima msomaji apambanue baina ya maji mawili yaliyomo katika jani moja. Chini tu ya ngozi mna yale ya manjano, machungu, na hayo ndiyo shubiri yenyewe inayochemshwa ikakazwa kuwa bonge jeusi. Ndani zaidi mna ute mweupe usio na rangi, ambao hauna uchungu mwingi. Huu ute hupakwa juu ya ngozi iliyoungua kidogo au iliyokauka, na hapana ubaya. Ama yale ya manjano yana kitu kiitwacho aloini, chenye kuyasukuma matumbo kwa nguvu. Kiasi kidogo huharisha. Kikizidi huleta msokoto wa tumbo, kupotewa na maji na chumvi za mwili, na madhara ya figo. Mwanamke mwenye mimba asiinywe kabisa, wala anyonyeshaye, wala mtoto mdogo. Marekani ilikuwa ikiuza dawa za kuharisha zilizotengenezwa kwa shubiri, na mwaka 2002 idara yake ya dawa ikaziondoa katika zile zinazouzwa bila ya cheti cha tabibu, kwa kuwa watengenezaji hawakuleta ushahidi wa kutosha wa usalama wake. Basi anayekuuzia chupa njiani na kukwambia yatibu sukari, presha, pumu na saratani kwa pamoja, muulize ameipima wapi.

Na iko mishubiri ambayo ni sumu hasa. Katika nchi ya Taita, njiani baina yetu na Ukambani, wamea mmoja mrefu wenye shina, Aloe ballyi, uliopewa jina hilo mwaka 1953 kwa ajili ya Peter Bally wa makumbusho ya Nairobi. Jani lake likivunjwa hutoa harufu ya panya, na sumu yake yaweza kuua mtu. Asiyejua kupambanua aina asikate jani porini akalinywa.

Liko pia suala la tembo. Katika baadhi ya makabila ya bara mizizi ya mishubiri hutiwa katika pombe ya asali ili iumuke. Kuna aliyeuliza kama mmea huu basi umekuwa najisi. Haukuwa. Zabibu na tende hutengenezwa ulevi na hazikuharamishwa kwa sababu hiyo. Kilichoharamu ni ulevi.

Wafugaji wa kuku nao hukatakata jani la kiluma wakalitia katika maji ya kunywa ya kuku ili kuzuia kideri. Wataalamu wa Kenya walilijaribu jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakaona kwamba kuku waliopewa walikufa kwa uchache kuliko wasiopewa, lakini vifo havikukoma. Kwa hiyo aliye na njia ya kupata chanjo asiiache akategemea jani.

Tumebakiwa na upandaji. Anayetaka kiluma apate mbegu, au mche uliooteshwa katika kitalu, wala asinunue uliong'olewa porini. Mbegu hutawanywa juu ya mchanga uliochanganywa na udongo kidogo na mbolea iliyooza, zikafunikwa kwa mchanga mwembamba tu, na kunyunyiziwa maji kwa uangalifu. Katika wiki mbili hata nne huota. Miche hukaa katika kivuli chepesi, kisha huzoeshwa jua kidogo kidogo, kwani mche ukitolewa ghafula kivulini hubabuka. Ukifika kimo cha shubiri moja (na hapa twakusudia shubiri ya mkono, msomaji asichanganyikiwe) huhamishwa mwanzo wa mvua, na baina ya mmoja na mwenzake ziachwe kama mita moja. Ipandwe miwili au zaidi, kwa sababu tuliyokwisha kuitaja.

Huku pwani tatizo si ukame, ni maji. Hewa yetu ni nzito, na masika yetu hujaza udongo siku nyingi, na mizizi ya kiluma ikikaa ndani ya maji huoza kuanzia kitakoni. Jani la chini hulegea, hunuka, kisha mmea wote hung'oka kwa mkono. Basi usiupande kisimani, wala chini ya mchirizi wa paa, wala mahali pa kutilia udhu. Inua tuta la nusu mita kwa kokoto na mchanga, mahali pa jua la kutwa na penye upepo, na ukishashika usiutilie maji ila kiangazi kirefu kikizidi. Ikiwa uwanja wako ni wa bonde lenye kutuama maji, ni bora ubaki na Aloe vera ndani ya chungu chenye tundu, au utafute katika vitalu Aloe kilifiensis, mshubiri wenye asili ya pwani yetu hii na uliozoea hewa yake.

Kuvuna, hukatwa majani mawili au matatu ya chini kabisa kwa kisu kikali, yakasimamishwa juu ya bakuli, kitako chini, mpaka yale maji ya manjano yamalize kudondoka. Ndipo ute huchukuliwa. Majani ya kati hayaguswi, na mmea haukatwi tena mpaka uote mengine.

Ama sheria, mwaka 1986 Rais wa Kenya, Daniel arap Moi, alipiga marufuku kuvuna mishubiri ya porini, kwa kuwa wachuuzi walikuwa wakiimaliza. Biashara haikukoma, iliingia gizani, na mkamuaji wa kijijini akawa hana pa kulalamika akipunjwa bei. Mwaka 2007 zikatolewa kanuni zenye kuruhusu biashara ya mishubiri iliyopandwa, kwa idhini ya Shirika la Huduma za Wanyamapori. Na kwa mapatano ya mataifa yaliyotiwa saini Washington mwaka 1973, aina zote za mishubiri hazivuki mipaka ya nchi bila ya cheti, isipokuwa Aloe vera. Twalitaja hili khasa kwa ajili ya wale wenye jamaa Muscat na Dubai, ambao huwachukulia miche na mabonge ya shubiri katika mizigo yao. Mche wa Aloe vera hauna tabu ya mapatano haya, ila cheti cha afya ya mimea chahitajiwa kama kwa mche mwengine wowote. Ama wa Machakos, pamoja na bonge la utomvu wake, cheti kiombwe kabla ya safari.